Karatasi kwanza, sindano baadaye: somo la mafundi wa Walukuba

IFIKAPO Januari, mafundi cherehani wa Walukuba hapa Jinja hawapati usingizi. Shule za Kenya hufunguliwa mwezi huo na za Uganda hufuata Februari. Wafanyabiashara huingia na mafurushi ya sweta, kila mmoja akitaka nembo zidariziwe haraka kabla mwenzake hajamtangulia sokoni. Huo ndio msimu wa pesa na, kwa bahati mbaya, ndio msimu wa hasara.

Nguo si jambo geni Walukuba. Mtaa huu ulijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na viwanda vikafuata umeme, kikiwemo kile cha nguo cha Nyanza Textile ambacho wengi tunakijua kwa jina la Nytil. Kilicho kipya ni mashine ndogo za kudarizi zinazosoma mchoro kutoka kwenye flashi. Unabonyeza kitufe, sindano inakimbia yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa mashine inajua kushona, basi inajua pia kupanga. Sivyo.

Mimi ni mwalimu. Wazazi wangu walikimbilia Kenya miaka ya 1980, nami nikasomea huko katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Enzi zile mtoto wa shule ya msingi alifundishwa sanaa na ufundi pamoja na sayansi kimu, na kabla ya kushika sindano tulichora kwanza kwenye karatasi ya miraba. Sasa nafundisha jioni kikundi cha akina mama wa mtaani, wengi wao wakiwa wamerudi nyumbani kutoka ukimbizini kama mimi.

Msimu mmoja, mama mmoja wa kikundi alipokea sweta 40 za shule. Mahali pa kuweka nembo alipakisia kwa macho. Kazi ilipokwisha, nembo nyingine zilikuwa juu karibu na bega, nyingine zimeshuka kuelekea kwapa. Isitoshe, uzi wa bluu uliisha baada ya sweta ya 23, akanunua mwingine uliofanana nao chini ya taa ya dukani. Mchana ulipofika, bluu zilikuwa mbili. Shule ilikataa sweta 17, na darizi ya mashine ukiifumua huacha matundu. Kulipa deni la mfanyabiashara, mama huyo aliuza cherehani yake ya miguu, ile ile iliyokuwa ikimpatia ada ya watoto.

Baada ya hapo tulikubaliana kwamba hakuna kitambaa kitakachoingia kwenye mashine kabla ya karatasi kujazwa.

Karatasi yenyewe ni ya aina mbili. Ya kwanza huchapishwa na programu ya kompyuta inayofungua mchoro. Inaonyesha nembo kwa ukubwa wake halisi, alama ya msalaba inayoonyesha katikati, idadi ya mishono, na orodha ya rangi kwa mfuatano wake. Kwenye duka la fotokopi, mwambie kijana achape kwa asilimia 100, asiipunguze ili ienee ukurasani. Kisha pima kwa rula. Kama nembo ni ya sentimeta 8 na rula inasoma 7.5, irudishe.

Baada ya hapo kata mchoro huo, ubandike kwa pini kwenye sweta na umvalishe mtoto. Ni hapo utakapoona kama nembo imekaa vizuri. Ukiridhika, pima kutoka mshono wa bega hadi kwenye ule msalaba, na kutoka katikati ya kifua, uandike sentimeta zote mbili. Sweta zote za saizi hiyo zitafuata vipimo hivyo. Saizi ikibadilika, pima upya. Pia hakikisha kwamba mchoro unaenea ndani ya fremu inayobana kitambaa. Fremu ya sentimeta 10 kwa 10 haiwezi kubeba mchoro wa sentimeta 12.

Karatasi ya pili ni ya kujaza kwa mkono: jina la mteja, idadi ya nguo, tarehe ya kuchukua, aina ya kitambaa, namba ya sindano na kitambaa kigumu cha kutia nyuma. Sweta huvutika, hivyo bila kitu cha kuishikilia kwa nyuma, nembo hujikunja. Kwa rangi, usiandike namba ya uzi pekee, maana kila kampuni ina namba zake. Bandika kipande cha uzi wenyewe kwa selotepu. Ukienda Busia au Mbale kuutafuta, nenda na karatasi yako na ulinganishe nje kwenye mwanga wa jua.

Faida nyingine iko kwenye bei. Tuseme nembo ina mishono 9,000 na mashine yako inashona 600 kwa dakika. Hizo ni dakika 15. Ongeza dakika 6 za kubadilisha uzi na kufunga fremu, unapata 21. Zidisha kwa sweta 40: dakika 840, yaani saa 14. Fundi aliyekwishapiga hesabu hii hawezi kuahidi kazi hiyo "kesho asubuhi", wala hakubali bei ya kukisia. Umeme nao ukikatika, orodha ya rangi inamwonyesha alipofikia.

Wapo wanaosema huu ni uzungu wa kupoteza muda. Hata hivyo, washonaji wa kofia za viua kule Lamu na Zanzibar huchora mchoro kwenye kitambaa kabla ya kuanza kushona. Nao ni mabingwa.

Sasa nawageukia ndugu zangu wa mpakani. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kifunguliwe rasmi mwaka 2018, kuvuka kumekuwa rahisi zaidi. Bidhaa za Jumuiya zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000, hupita kwa cheti rahisi cha asili. Karatasi ya fundi si hati ya forodha, lakini inakukumbusha idadi na gharama unapoulizwa, na kule upande wa pili inamwonyesha mteja kile alichoagiza.

Kwa hiyo usimwachie fundi furushi lako kabla ya kuona karatasi na sampuli moja iliyodariziwa kwenye kitambaa kama chako. Tieni sahihi wote wawili, kila mmoja abaki na nakala. Sisi tuliorudi tunafahamu fika jinsi ilivyo kusimama mbele ya mtu asiyekujua, huna mdhamini wala shamba. Jina letu linajengwa upya, kazi moja baada ya nyingine, na karatasi ni shahidi asiyebadili maneno. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.