Je, Wajua? Kina Mama wa Pwani Walivyoifundisha Dunia

Ukitajiwa utafiti wa uzazi, pengine mawazo hukimbilia Ulaya au Marekani. Yarudishe Kilifi! Tangu mwaka 1989, KEMRI na Wellcome Trust wana kituo cha utafiti kando ya hospitali ya mji huo, na baadhi ya mambo ambayo wakunga wa Afrika huyafanya leo kama kawaida yalipimwa kwanza kwa wanawake wa huku na wa nchi jirani. Soma, ushangae, kisha umsimulie mwenzio.

Vidonge vya kliniki vilipimwa Kilifi

Vile vidonge vitatu vya SP, dawa ya kuzuia malaria, ambavyo mjamzito humeza mbele ya nesi vina historia Kilifi. Wanawake 1,264 waliobeba mimba ya kwanza waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa SP, wengine vidonge visivyo na dawa. Mimba zilipokaribia kukomaa, vimelea vya malaria vilikutwa katika damu ya wanawake 199 kati ya 564 wasiopata dawa. Kwa waliopata dawa, walikuwa 30 tu kati ya 567! Upungufu mkubwa wa damu nao ulishuka, kutoka wanawake 134 hadi 82.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1999, na leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa hiyo kwa wajawazito wa maeneo ya Afrika yenye malaria. Uzito wake ni huu: mjamzito anaweza kuwa hana homa wala maumivu, kumbe malaria inamla damu kimyakimya.

Malaria ina maficho yake: kondo la nyuma

Kwa nini mimba ya kwanza ndiyo huandamwa zaidi na malaria? Mwaka 1996, Michal Fried na Patrick Duffy, wakifanya kazi magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba vimelea vya wajawazito hunata kwenye sukari ya pekee iliyomo ndani ya kondo la nyuma. Mwanamke aliyekulia Pwani huwa amejenga kinga dhidi ya malaria ya kawaida, lakini mwili wake haujawahi kuwa na kondo, kwa hiyo haujawahi kukutana na vimelea vya aina hii.

Kufikia mimba ya pili na ya tatu, mwili huwa umejifunza na kutengeneza kingamwili. Ndiyo maana msichana mwenye mimba ya kwanza hapaswi kuambiwa asubiri: chandarua na kliniki ni mapema iwezekanavyo.

Silaha ya malaria yageuzwa dhidi ya saratani

Hadithi haikuishia hapo. Protini ambayo vimelea hutumia kunata kwenye kondo inaitwa VAR2CSA. Mwaka 2015, timu ya Ali Salanti wa Copenhagen na Mads Daugaard wa Vancouver ilitangaza kwamba protini hiyohiyo hunata pia kwenye seli za saratani za aina nyingi, kwa kuwa seli hizo nazo hubeba sukari inayofanana na ile ya kondo. Fikiria: swali lililoanza kwa wajawazito wa Afrika limewapa watafiti wa saratani njia mpya ya kuutafuta uvimbe mwilini.

Kirusi cha kale ndicho kilichotusaidia kuzaliwa

Tabaka la kondo linalompatia mtoto chakula na hewa hujengwa kwa msaada wa protini iitwayo sinsitini, na jeni ya protini hiyo ilitoka kwa kirusi! Mamilioni ya miaka iliyopita kirusi kiliwaingia mababu wa nyani na binadamu, jeni yake ikabaki katika ukoo, na mwili ukaipa kazi ya kuziunganisha seli za kondo. Kila mtoto anayelia leo katika wodi ya Malindi ana deni kwa maradhi ya zamani zile.

Ulianzia tumboni mwa bibi yako

Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na mayai yake yote, kati ya milioni moja na mbili. Maana yake, yai lililokuja kuwa wewe liliumbika wakati mama yako angali tumboni mwa bibi yako. Huku Pwani, ambako mjukuu wa kike mara nyingi hupewa jina la bibi, sayansi imekuja kukuta watu tayari wanauheshimu uhusiano huo. Nayo inaongeza jambo: afya na lishe ya mjamzito mmoja hugusa vizazi vitatu kwa mpigo.

Mtoto hazaliwi akaondoka kabisa

Mwaka 1996 Diana Bianchi na wenzake huko Marekani walikuta seli za kiume katika damu ya wanawake waliowahi kuzaa wavulana. Mmoja wao alikuwa amemzaa mwanawe wa mwisho miaka 27 kabla! Seli za mtoto huvuka kondo wakati wa mimba na kukaa kwa mama, na watafiti bado wanachunguza kama husaidia kuponya majeraha ya mwili wake.

Bakteria asiyeonyesha dalili

Kati ya kila kina mama wanane waliopimwa walipofika kujifungua, karibu mmoja alikuwa amembeba bakteria aitwaye Streptococcus wa kundi B bila kuhisi lolote. Utafiti huo uliwahusisha karibu wanawake 8,000 wa Bamba, Kilifi na Mombasa, na ulichapishwa mwaka 2016. Ulionyesha kwamba bakteria huyo husababisha maradhi makali kwa watoto wachanga, mara nyingi ndani ya siku ya kwanza, na kwamba baadhi ya watoto huwaua kabla hawajazaliwa.

Kwa miaka mingi mama aliyezaa mtoto mfu aliambiwa tu kwamba ni majaliwa, au akanyoshewa kidole. Utafiti wa Pwani umesaidia kumtaja mhalifu, na sasa chanjo ya kumpa mjamzito ili amkinge mwanawe inatafutwa kwa bidii.

Kichocho kinaweza kujifanya ugonjwa wa zinaa

Kichocho cha mkojo kimeishi na watu wa Pwani ya Kenya kwa miaka mingi, kuanzia Kwale hadi bonde la mto Tana. Kinapatikana kwenye madimbwi na vijito vya maji baridi vyenye konokono, wala si baharini. Wasichojua wengi ni kwamba mayai ya mnyoo wake hukwama pia katika mlango wa kizazi na ukeni, yakaleta vidonda, damu, uchafu na hata utasa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake na wasichana milioni 56 wana tatizo hili, wengi wao Afrika.

Dalili zikifanana na za zinaa, mwanamke hushukiwa bure nyumbani na hupewa dawa isiyomfaa. Aliyekuwa akichota maji mtoni tangu utotoni na amwambie daktari hivyo waziwazi. Dawa ya prazikwanteli huua mnyoo, na ikipewa mapema huzuia makovu ambayo baadaye ni vigumu kuyafuta.

Siki huona yasiyoonekana kwa macho

Kipimo kimoja cha dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi hutumia asidi ileile iliyomo kwenye siki ya kachumbari, ikiwa imezimuliwa kwa maji. Muuguzi hupaka kidogo, husubiri kama dakika moja, na sehemu yenye seli zisizo za kawaida hugeuka nyeupe. Jibu hupatikana papo hapo, bila maabara ya mbali, na mabadiliko yakigunduliwa mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani. Kwa ugonjwa unaoua wanawake zaidi ya 3,000 wa Kenya kila mwaka, hizo ni dakika chache zenye thamani kubwa.

Sindano moja yatosha

Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, ilizinduliwa Kenya mjini Mombasa mwezi Oktoba 2019. Wakati huo wasichana walichanjwa mara mbili. Nao vijana 2,275 wa kike wa Kisumu, Thika na Nairobi, wenye umri wa miaka 15 hadi 20, walijitolea kupimwa, na matokeo yaliyotoka mwaka 2022 yakashangaza mabingwa: dozi moja pekee ilizuia maambukizi sugu ya aina mbili hatari zaidi za kirusi kwa asilimia 97.5. Utafiti mwingine wa Mwanza, Tanzania, ulionyesha kwamba dozi moja huamsha kingamwili za kutosha kwa wasichana wadogo. Chupa zilizotosha msichana mmoja sasa zinatosha wawili.

Sabuni ndani ya uke huleta hatari

Mjini Mombasa, zaidi ya wanawake 1,200 walifuatiliwa katika utafiti wa miaka kumi uliochapishwa mwaka 2006. Waliokuwa wakijiosha ndani ya uke kwa sabuni walikuwa na hatari karibu mara nne ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI, wakilinganishwa na wasiojiosha ndani kabisa. Sababu inayodhaniwa ni kwamba uke una walinzi wake, bakteria waitwao laktobasili, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa lala. Hutengeneza asidi inayofukuza wageni wabaya, na sabuni huwafagia. Usafi wa nje watosha. Ndani kuna wenyewe.

Dawa za kuzuia damu: Mjapani mmoja na joto letu

Daktari Utako Okamoto wa Japani alivumbua dawa ya traneksamiki mwaka 1962, akiwa na nia ya kuwaokoa wanawake wanaovuja damu wakijifungua. Iliwabidi kusubiri zaidi ya nusu karne! Jaribio la wanawake 20,060 katika nchi 21 lilipothibitisha mwaka 2017 kwamba inaokoa maisha, hasa ikitolewa ndani ya saa tatu, mwenyewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Nayo oksitosini, sindano ya kawaida baada ya kujifungua, bila jokofu huharibika kama samaki wa Mayungu aliyekosa barafu. Habari njema ni kabetosini isiyoogopa joto: mwaka 2018 jaribio la karibu wanawake 30,000 katika nchi kumi, Kenya ikiwemo, lilionyesha kwamba haizidiwi na oksitosini. Kwa zahanati ya Magarini inayokatikiwa na umeme, hiyo ni faraja kubwa.

Rabai na Mariakani wanakifuatilia kifafa cha mimba

Wajawazito wa Rabai na Mariakani ni sehemu ya utafiti wa PRECISE, pamoja na wenzao wa Gambia na Msumbiji. Damu, mkojo na vipande vya kondo huhifadhiwa ili kujua kwa nini shinikizo la damu hupanda kwa mjamzito huyu na si kwa yule. Dawa ya kuzuia kifafa chenyewe ni ya kushangaza kwa wepesi wake: chumvi ya magnesiamu. Mwaka 2002, jaribio la wanawake zaidi ya 10,000 lilionyesha kwamba hupunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu.

Bunyoro walipasua na mama akapona

Mwaka 1879, daktari Mwingereza Robert Felkin alishuhudia upasuaji wa kujifungua huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo. Mpasuaji aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, akazuia damu kwa chuma cha moto, kisha akafunga jeraha kwa pini za chuma na kamba za magome. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona! Huko Ulaya, upasuaji huo ulikuwa ukiwaua kina mama wengi enzi hizo.

Sifuri kati ya 2,134

Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya jaribio la lenakapavia, sindano ya mara mbili kwa mwaka ya kukinga virusi vya UKIMWI. Kati ya wasichana na wanawake 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda waliopewa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Na waliopata mimba katikati ya jaribio waliruhusiwa kuendelea. Kwa miongo mingi mjamzito alikuwa akiondolewa katika majaribio ya dawa, halafu anaachwa atumie dawa ambazo hazikupimwa kwa mtu kama yeye. Wale 1,264 wa Kilifi walipimwa wakiwa wajawazito, na kwa ajili ya wajawazito. Dunia inazidi kuifuata njia yao, nasi wa Pwani tuna haki ya kujivunia.