Shauri Lisilongoja Maji

Msafiri atokaye Amu, yaani mji wa Lamu, kwenda kisiwa cha Pate tangu dahari amezoea kwanza kuyauliza maji. Njia yake ni ya Mkanda, ule mlango mwembamba uliozungukwa na mikoko baina ya Manda na bara, ambamo zamani vyombo vilizoea kungoja maji yajae ndipo vipite, na nahodha asiyejua hesabu ya bamvu (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) aliwaacha abiria wake juani, chombo kimelala ubavu, hata bahari irudi. Apitapo salama hutokea Ghuba ya Manda, na ng'ambo yake ipo Mtangawanda, gati ya upande wa magharibi wa kisiwa, ambako maji ni ya kina kuliko mbele ya mji wa Pate wenyewe. Hapo hushuka yeye, na magunia ya unga, na mitungi ya gesi, na mgonjwa arudishwaye kwao baada ya kutibiwa. Kisha kila mmoja hushika njia yake kwa miguu, kwa punda au kwa bodaboda kuelekea Pate au Siyu, na wengine huendelea na chombo hata Faza na Kizingitini. Jina lenyewe la mahali hapa lina mtanga ndani yake, ndio mchanga kwa ulimi wa watu wa huku.

Nimeanza na gati kwa sababu kila kiitwacho maendeleo katika kisiwa hiki hupita gatini kwanza: saruji ya shule, nguzo za umeme, mabomba ya maji, na hata watumishi wa serikali wanaokuja na karatasi zao kuwauliza raia wanataka nini. Na neno nililo nalo katika makala haya ni moja. Kushauriana na watu ni kazi yenye wakati wake, na wakati wa watu wa visiwani hupimwa kwa maji na kwa pepo kabla haujapimwa kwa tarehe za ofisini. Mashauri yasiyoujua wakati huo, yajapotimiza kila kifungu cha sheria, huwa yamewauliza wachache na kuwaandikia wengi.

Zamani si mbali, mambo ya Lamu yalikuwa mikononi mwa halmashauri ambayo, pamoja na madiwani wake, ilikuwa chini ya wizara iliyokuwa Nairobi, na maamuzi makubwa yalishuka kutoka juu kama mvua, yakamnyeshea aliyeyaomba na asiyeyaomba. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iligeuza mwendo huo. Kenya iligawanywa katika kaunti 47, Lamu ikiwa ya tano katika orodha, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 ikapata gavana wake na bunge lake. Kaunti hii, iliyohesabiwa watu 143,920 katika sensa ya 2019, ina wadi kumi, na tatu kati ya hizo, yaani Faza, Kiunga na Basuba, ndizo zifanyazo eneo bunge la Lamu Mashariki, ambamo kisiwa cha Pate kimo. Katiba imeutaja ushirikishi wa umma miongoni mwa misingi ya utawala katika kifungu cha 10, na katika kifungu cha 196 imelifaradhishia bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ikaongeza kwamba mipango ya kaunti haitungwi pasipo wananchi kushirikishwa, na kwamba wapewe habari mapema, kwa namna wanayoweza kuifahamu.

Sasa na tuitazame kazi yenyewe inavyokwenda, maana wengi huambiwa kuna mkutano wa bajeti wasijue ni pete gani ya mnyororo mrefu wanayoitiwa kuishika. Chukua mfano wa kijiji kinachotaka jabia, lile birika kubwa la kukinga maji ya mvua ambalo watu wa visiwa hivi hulitegemea pale visima vinapokuwa na chumvi. Kwanza haja hiyo iingie katika Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, ambao hutungwa kila miaka mitano. Wa kwanza ulikuwa wa 2013 hadi 2017, wa pili ukafika 2022, na huu wa sasa utakwisha 2027. Jabia lisiloandikwa humo ni shida kulipata kwa miaka mitano, kwani sheria haitaki fedha ya umma itumiwe nje ya mipango iliyopitishwa. Kutoka katika mpango huo mkubwa hutolewa mpango wa mwaka mmoja, ambao lazima ufikishwe bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Kisha kufikia tarehe 28 Februari huja waraka wa mkakati wa fedha, ambao wengi hawaujui ilhali ndio wenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa ndio ukadiriao kila idara itapata kiasi gani, na aliyekosa fungu hapo hawezi kulipata kwa kulia mwezi wa Aprili. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti huwekwa mezani, na kabla ya Juni kwisha bunge lipitishe sheria ya matumizi, ili mwaka wa fedha uanze tarehe mosi Julai. Walao asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, kwa wastani wa muda wa kati, yapasa iende katika maendeleo, yaani katika majabia na barabara na zahanati, si katika mishahara na safari.

Hizo ndizo tarehe za serikali. Tuziweke sasa kando ya tarehe za bahari.

Tangu Disemba hata Machi huvuma Kaskazi, bahari ya nje ikatulia, na huo ndio msimu wa mvuvi wa Pate, wa Kizingitini na wa Kiunga: wanaume huenda dago, wakapiga kambi visiwani na pwani za mbali, wakakaa huko siku nyingi wakitafuta samaki na kamba. Basi waraka ule wa Februari, wenye nguvu kuliko zote, huandikwa na kujadiliwa wakati ambapo wale ambao maisha yao ni bahari hawapo majumbani. Kusi huanza Aprili pamoja na masika; bahari huchafuka, vyombo vidogo hubaki ndani ya miamba, na watu hukaa barazani wakishona nyavu tangu Mei hata Agosti. Huo ni wakati ambao kaunti ingeweza kukaa nao kwa utulivu na kuutunga mpango wa mwaka unaotakiwa Septemba, tena si kwa mkutano mmoja wa saa mbili, bali kijiji kwa kijiji, Pate na Siyu na Mbwajumali na Faza na Tundwa. Sheria haikukataza hilo. Imeweka siku ya mwisho tu. Siku ya mwanzo imewaachia wenye kupanga.

Na yako masaibu ya lugha. Ni katika kisiwa hiki ambapo mwaka 1728, katika mji wa Pate, Bwana Mwengo alitunga Utendi wa Tambuka, mojawapo ya kazi kongwe kabisa za Kiswahili ambazo tarehe zake zinajulikana. Na huko Siyu waliishi wanazuoni walioandika na kunakili misahafu kwa mikono yao. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Lakini mipango ya kaunti, pamoja na majedwali yake na hesabu zake, aghalabu huandikwa kwa Kiingereza katika mamia ya kurasa, kisha mtu wa Pate aliyeurithi uandishi wa Kiswahili kwa karne tatu akaambiwa atoe maoni juu ya kitabu asichoweza kukisoma. Naliona jambo hili kuwa dhuluma iliyo nyepesi kuondolewa kuliko zote, kwani muhtasari wa kurasa kumi kwa Kiswahili safi, uliobandikwa msikitini, shuleni na gatini, hauhitaji wafadhili wala wataalamu wa kigeni.

Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilitoa hukumu iliyobatilisha sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa kwa dhati, na jaji akaeleza kwamba wenye kutunga sheria wana wajibu wa kuwafuata watu pale wanapokusanyika, katika misikiti na makanisa na mahekalu, katika mabaraza na katika redio za lugha zao, wala haitoshi kutangaza kwa namna ambayo wachache tu wataisikia. Hukumu ile ilihusu milima ya kahawa na chai, lakini ukiisoma kwa jicho la mtu wa visiwani unaona kama kwamba gati ya Mtangawanda ilikuwa mbele ya macho ya aliyeiandika.

Kadhalika Lamu imekwisha kujifunza kwa gharama kubwa nini hutokea raia wasipoulizwa. Tarehe 2 Machi 2012 marais wa Kenya na Sudan Kusini pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia waliweka jiwe la msingi la bandari mpya, ng'ambo ya ghuba ile ile ambayo Mtangawanda inaielekea. Mwaka huo huo wavuvi na wakazi wakaenda mahakamani, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikatoa hukumu katika kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake, ikaona kwamba haki za watu hawa, pamoja na haki ya mazingira safi, ya utamaduni wao na ya kupewa habari, zilikuwa zimevunjwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati ya kwanza ya bandari ilifunguliwa Mei 2021. Mwaka mmoja baada ya hukumu ile, tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Rufaa la Mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, na miongoni mwa sababu zake kuu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mambo haya mawili yalikuwa ya serikali kuu na ya makampuni, wala si ya kaunti. Ila mzani ni ule ule. Mvuvi aliyepoteza mahali pake pa kale pa kuvulia hawezi kurudishiwa bahari kwa fedha, na laiti angaliulizwa kabla ya mashine kuanza kuchimba, pengine njia ya meli ingalipishwa mahali pengine, au angalau angaliambiwa mapema aende wapi.

Kwa upande wake kaunti ilitangulia wengi katika jambo moja ambalo ni haki kulitaja. Lamu ilitunga mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi, wa 2016 hadi 2026, kwa auni ya shirika la uhifadhi la WWF, ukaonyesha katika ramani wapi pa mikoko, wapi pa kulisha mifugo, wapi pa miji na wapi pa uvuvi. Nauhesabu mpango huu kuwa bora kuliko ahadi nyingi, kwa kuwa ramani haipindiki kwa urahisi: ukishauchora mstari wa mkoko, mwenye kutaka kuukata atalazimika kuueleza.

Wako wasemao kwamba haya yote ni mambo mageni, na kwamba wazee wetu walikuwa na njia yao. Ni kweli kwamba Amu ilikuwa na Yumbe, baraza la wazee, na kwamba mapokeo yanasema mafungu mawili ya mji, Zena na Suudi, yalishika uongozi kwa zamu ya miaka minne. Hilo ni fahari yetu. Lakini mimi siwezi kusahau nani hakuingia katika Yumbe ile: wanawake hawakuingia, wala mtumwa, wala mgeni wa bara. Sheria ya leo imetaka wanawake, wazee na watu wenye ulemavu wawe na wawakilishi hata katika kile kikao cha mashauri ya kaunti juu ya bajeti na uchumi, na hapo ndipo tunapowazidi waliotutangulia, tukitenda tulichoandika. Mama achotaye maji ndiye ajuaye kama jabia lijengwe juu ya kijiji au chini. Naye huja mkutanoni ikiwa wakati wake haugongani na wa kupika, na ikiwa mahali pa kikao pana upande anaoweza kukaa na kusema bila ya kunyamazishwa.

Mwenye haja asingoje mkutano. Ile Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imempa kila mkazi haki ya kuiandikia kaunti ombi juu ya jambo lolote lililo katika wajibu wake, na imeitaka kaunti ijibu upesi. Na ile ya mwaka 2016 ya kupata habari imempa haki ya kuomba waraka wowote wa umma. Ombi lililotiwa saini na watu wa kijiji kizima, likataja jabia gani, mahali gani, kwa watu wangapi, lina uzito kuliko hotuba ndefu, maana hotuba huisha na upepo ilhali waraka hubaki katika jalada, na mwaka ujao mtu aweza kuuliza umejibiwa nini.

Limebaki jambo dogo, ambalo ni la kwanza kwa umuhimu wake. Mikutano ya serikali hupenda saa nne za asubuhi. Pwani hii, katika siku za bamvu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa karibu na saa hiyo hiyo ya nne, na ndiyo saa ambayo vyombo hukaa mtangani. Siku za maji mafu, tarehe nane au tisa za mwezi mwandamo na tena ishirini na mbili au tatu, saa nne ndipo maji yanapokuwa juu. Basi atakayeandika tangazo la mkutano wa Mtangawanda na aandike kando ya tarehe ya Kizungu ile tarehe ya mwezi, na aichague tarehe hiyo kwa shauri la manahodha, halafu tangazo likabandikwe gatini wiki tatu kabla, mahali ambapo kila ashukaye huliona akingoja mzigo wake.