Surua na Nuru ya Macho

Wapo wanaoyaita shurua, wapo wanaoyaita surua, na katika sehemu nyingi za Kenya jina linalovuma ni ukambi. Kwa jina lolote liwalo, maradhi haya aghalabu hutambuliwa kwa vipele, ilhali macho huanza kuathirika siku kadhaa kabla ya kipele cha kwanza kuchomoza. Mtoto hushikwa na homa, mafua na kikohozi. Macho yake huwa mekundu, hububujika machozi na huukwepa mwanga.

Virusi vyenyewe ndivyo huleta uvimbe huo. Hushambulia utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho pamoja na konea, yaani kioo angavu kilicho mbele ya mboni. Kwa mtoto aliyelishwa vyema, hali hii aghalabu hutulia bila kuacha alama. Balaa huzuka kwa mtoto mwenye upungufu wa vitamini A. Surua humnyang'anya hata ile akiba ndogo aliyo nayo: homa huongeza mahitaji ya mwili, hamu ya chakula hupotea, na kuhara huzuia kilicholiwa kisifyonzwe. Konea hukauka, ikalainika, ikafanya kidonda. Yaweza hata kutoboka kwa muda wa siku chache tu. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe, ambalo wengi hulijua kama chamba cha jicho.

Hapa ndipo huruma ya jamaa hugeuka madhara. Maji ya majani yaliyopondwa, yakitiwa jichoni, huchoma konea iliyokwisha kudhoofika na kuingiza viini vingine. Tiba inayofaa ni nyepesi mno: Shirika la Afya Duniani hupendekeza vitamini A ya kumeza, siku mbili mfululizo, kwa kila mtoto mwenye surua. Macho yakionyesha dalili za upungufu, kipimo cha tatu hutolewa majuma kadhaa baadaye.

Hata hivyo, vitamini hailizuii surua lisiingie. Kazi hiyo ni ya chanjo. Virusi vilitengwa mwaka 1954 na John Enders na Thomas Peebles, na chanjo ikaidhinishwa Marekani mwaka 1963. Nchini Kenya, dozi ya kwanza hutolewa mtoto anapotimiza miezi 9. Baadhi ya watoto wa umri huo hawajengi kinga, kwa kuwa kingamwili walizorithi kwa mama huidhoofisha chanjo. Ndiyo sababu dozi ya pili, ya miezi 18, iliongezwa mwaka 2013. Mwaka 2016 chanjo hiyo iliunganishwa na ya rubela, ugonjwa ambao ukimpata mama mwanzoni mwa ujauzito, huweza kumfanya mwanawe azaliwe na mtoto wa jicho.

Inasikitisha kwamba wazazi wengi huiaga kliniki baada ya miezi 9. Ili surua ikome kuenea, watu wapatao asilimia 95 sharti wawe wamepata dozi zote mbili. Mtoto wa miezi 7, asiyefikia bado umri wa kuchanjwa, hukingwa na chanjo za wenzake.