Je, Wajua? Nusu Sekunde Iliyofichua Mlango wa Siri, na Maajabu Mengine ya Vifurushi

Kifurushi tunachokizungumzia hapa si bando la intaneti. Ni programu iliyofungwa tayari kusakinishwa kwenye Linux, FreeBSD na mifumo mingine ya ukoo wa Unix. Nyingi kati ya programu hizo hazikuandikwa na waliotengeneza mfumo wenyewe. Zimetoka kwa mafundi wa nchi mbalimbali, wengi wao wakijitolea tu. Ukianza kuzifuatilia habari zao, usiku utakuchea.

Nusu sekunde tu!

Machi 2024, mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye kompyuta yake kwa njia ya SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Ni muda wa kupepesa jicho mara moja au mbili! Mwingine angeulaumu mtandao akaendelea na chai yake. Yeye alichimba mpaka akakifikia kifurushi kidogo cha kubana mafaili, xz, na ndani yake akakuta mlango wa siri wa kumwezesha mgeni kuiamrisha seva akiwa mbali. Aliyeupenyeza alijiita Jia Tan. Alikuwa ameanza kuuchangia mradi huo mwaka 2021, akafanya kazi nzuri kwa subira hadi mtunzaji aliyeelemewa akamkabidhi madaraka. Mlango ulikwishaingia kwenye matoleo ya majaribio ya mifumo ya Linux iitwayo Debian na Fedora, lakini haukuwahi kufika kwenye matoleo imara yanayotegemewa na seva nyingi. Sijasoma hadithi ya upelelezi inayoishinda hii.

Funguo zilizokaribia kuwa PIN

Mwaka 2006, mtunzaji mmoja wa Debian alitaka kulinyamazisha onyo la chombo cha kukagua makosa, akaondoa sehemu ndogo sana ya msimbo wa OpenSSL, kifurushi cha usimbaji fiche. Onyo lilinyamaza kweli. Kumbe alichokiondoa ndicho kilichokuwa kikiingiza ubahatishaji kwenye funguo za siri! Kilichobaki ni namba ya mchakato wa kompyuta, ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768. PIN ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000. Kwa hiyo funguo za aina moja hazikufika hata mara nne ya PIN ya simu yako. Kasoro hiyo ilitangazwa Mei 2008, na wenye seva duniani kote wakalazimika kuzitupa funguo zao na kutengeneza nyingine. Tangu nisome habari hii, nikiona onyo nataka kwanza kujua linasema nini.

Pishi linalopima mchele kwanza

Mkusanyiko wa FreeBSD una programu zaidi ya 30,000 za kuchagua, lakini ndani yake hazimo programu zenyewe. Kuna maelekezo ya mapishi tu: msimbo uchukuliwe wapi, ubandikwe viraka gani, unahitaji programu zipi nyingine. Kila faili litakaloletwa lina alama yake, mithili ya alama ya kidole, yenye herufi na tarakimu 64. Ongeza mkato mmoja tu kwenye faili na alama yote inageuka. Basi usakinishaji ukikwama kwa sababu alama hazilingani, usilazimishe. Huenda faili limekatika njiani, au mwenye programu amelibadilisha kimyakimya, au limechezewa. Yote matatu yafaa kujulikana kabla chungu hakijainjikwa.

Mtoto mharibifu amepewa mtaa wake

Matoleo ya Debian huitwa kwa majina ya wahusika wa filamu ya katuni *Toy Story*. Tawi ambalo vifurushi vipya huingia kwanza, na ambako mambo huweza kuvunjika wakati wowote, linaitwa Sid: yule mtoto wa jirani anayevunjavunja vichezeo! Na jina Debian lenyewe ni la wapendanao wawili: Debra, na mchumba wake Ian Murdock aliyeuanzisha mradi mwaka 1993.

Ni utu uleule

Ubuntu, mfumo uliozinduliwa Oktoba 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, umepewa jina lililo ndugu wa damu wa neno letu *utu*. Toleo lake la kwanza lilikuwa 4.10, yaani mwaka 2004, mwezi wa 10, na jina lake la utani lilikuwa la mnyama, ngiri. Jina linastahili, maana sehemu kubwa ya vifurushi vyake huandaliwa kwanza na majirani zake wa Debian.

Saa ya Dar iko Nairobi

Saa za miji kwenye Linux hutunzwa na kifurushi kiitwacho tzdata. Humo, kwa kawaida, Dar es Salaam na Kampala ni viungo tu vinavyoelekeza Nairobi! Ukifukua kumbukumbu za Nairobi utakuta kwamba enzi za ukoloni kuna wakati Kenya ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu, na wakati mwingine kwa saa mbili na dakika 45. Seva ikikosea saa za nchi iliyobadili utaratibu wake, angalia kwanza kama tzdata haijazeeka.

Ng'ombe wa terminali

Kwenye Debian au Ubuntu, andika *apt-get moo*. Atatokea ng'ombe aliyechorwa kwa alama za kibodi.

Kihariri kilichofika Kibaale

Vim, kihariri cha maandishi kilichomo kwenye kompyuta nyingi za Unix, kilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar. Hakukiuza. Miaka ya 1990 alijitolea kufanya kazi kwenye mradi wa watoto huko Kibaale, kusini mwa Uganda, na baada ya hapo, kwa miaka mingi, aliyekifungua Vim bila faili alikutana na ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Fikiria: mhandisi wa Tokyo amekuja kurekebisha mstari mmoja wa mipangilio, na hapo hapo anasoma jina la nchi ya jirani zetu. Moolenaar alifariki Agosti 2023, na wenzake wanaendelea kukitunza kihariri chake. Shirika la Kanada linalousaidia mradi wa Kibaale lina jina ambalo msomaji wetu hahitaji kutafsiriwa: Kuwasha.