Mtungi wa Bibi Newala na Bili ya Joto Leipzig

Shule moja ya Leipzig, Ujerumani, iliwapa wanafunzi wa darasa la saba karatasi ya mazoezi kuhusu tabianchi. Gesi iliwekwa kwenye safu ya nishati za kuachwa, pamoja na makaa ya mawe na mafuta. Jioni hiyo hiyo binti wa mwandishi wa makala haya, mmoja wa wanafunzi hao, alimpigia bibi yake wa Newala, mkoani Mtwara, kwa video akamwomba, kwa adabu zote, aache kupikia mtungi. Bibi, aliyepikia kuni tangu usichana wake, alimuuliza, "Sasa mjukuu wangu, nirudi porini?" Wakaagana kwa amani. Mama mtu ndiye aliyelala na kinyongo, kwa sababu mtungi ule aliununua yeye, na alijua alichokuwa akifanya.

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na Tanzania huiagiza kutoka nje kwa meli. Gesi ya Mnazi Bay, kule Msimbati, ni kitu kingine: karibu yote ni methani, husafiri kwa bomba, wala haijazwi kwenye mitungi hii ya jikoni. Ndiyo maana mtu wa Newala, aliye mwendo wa saa chache tu kutoka kwenye visima, anapikia gesi iliyovuka bahari. Nyumba mia kadhaa za Mtwara mjini zimeunganishwa na bomba la TPDC, shirika la petroli la taifa. Huku juu kwenye nyanda za Makonde bomba hilo halijafika.

Waliokulia huku wanaikumbuka historia yake. Kampuni ya Italia, AGIP, iliigundua gesi ya Mnazi Bay mwaka 1982, ikakaa ardhini zaidi ya miaka 20. Ilipoanza kufua umeme Mtwara, miji ya kusini ikaanza kuachana na majenereta ya dizeli. Kisha ukaja mpango wa bomba la kwenda Dar es Salaam. Desemba 2012 watu wa Mtwara waliandamana kuupinga. Januari 2013 Masasi ikawaka moto, majengo ya umma yakachomwa na watu wakafa. Cheche ya Masasi ilikuwa ugomvi wa bodaboda na polisi, lakini hasira ya gesi ilikuwa imeshatanda mkoa mzima. Bomba lilijengwa hata hivyo, kwa mkopo wa China, likazinduliwa Oktoba 2015.

Wanauchumi wa nishati wanauliza swali moja kwa namna nyingi: mabadiliko ya kuelekea nishati safi yatalipiwa na nani? Ujerumani wana jibu lao, na hufika kwa bahasha.

Nyumba nyingi za kupanga Leipzig zinapashwa joto na mtambo mmoja wa jengo zima. Kila chuma cha joto ukutani kimebandikwa kipimo kidogo cheupe, na mara moja kwa mwaka matumizi ya kila nyumba husomwa. Anayedhani atalipia alichotumia peke yake anajidanganya. Kanuni iliyopo tangu 1981 inasema kati ya asilimia 50 na 70 ya gharama igawanywe kwa matumizi, na sehemu inayobaki igawanywe kwa ukubwa wa nyumba. Aliyevaa masweta mawili akazima joto Januari nzima anamchangia jirani aliyekaa na fulana. Tena mwenye nyumba ana miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kufungwa ndipo alete bili, hivyo baridi ya Januari inaweza kudaiwa Desemba ya mwaka unaofuata.

Halafu kuna madirisha. Hata nje kukiwa na barafu, mpangaji anatakiwa kuyafungua wazi kabisa dakika chache, mara kadhaa kwa siku, ili ukuta usiote ukungu. Joto lililolipiwa linatoka, hewa ya baridi inaingia, na mtambo unaanza upya. Ukungu ukiota, wa kwanza kuulizwa ni mpangaji.

Ndani ya bili hiyo umo pia mstari wa bei ya kaboni. Wazo lake ni la Arthur Pigou, mwanauchumi wa Uingereza, aliyeandika mwaka 1920 kwamba anayewachafulia wengine alipishwe gharama ya uchafu wake. Ujerumani ilianza kuitoza kwenye mafuta ya magari na joto la majumbani mwaka 2021 kwa euro 25 kwa tani ya hewa ukaa, na kufika 2025 ilikuwa euro 55. Kwenye karatasi ni wazo zuri. Lakini mpangaji hana ruhusa ya kubadilisha mtambo wala kuziwekea kuta kinga ya baridi. Mwenye nyumba anaamua, mpangaji analipa. Kasoro hiyo ilionekana, ndiyo maana tangu 2023 sheria inagawa tozo kati yao kwa ngazi kumi: jengo likiwa bovu kabisa, mwenye nyumba anabeba asilimia 95. Serikali ya muungano ya 2021 iliahidi pia kutafuta njia ya kuwarudishia wananchi fedha hizo kwa kila kichwa. Ilivunjika Novemba 2024 bila kurudisha senti.

Nchi hiyo hiyo ilitia saini huko Glasgow, Novemba 2021, tamko la kuacha kugharamia kwa fedha za umma miradi ya gesi na mafuta nje ya mipaka yake. Mwaka uliofuata gesi ya Urusi ilipokatika, ilijenga gati la kupokea gesi ya meli Wilhelmshaven kwa takriban miezi kumi, likafunguliwa Desemba 2022. Baridi ilipobisha hodi kwao, gesi ikawa ya lazima. Mwandishi haoni kwa nini lazima ya Bibi ihesabiwe kuwa ndogo kuliko hiyo.

Utafiti mmoja wa Afrika Mashariki unasaidia kuona kwetu palikwama wapi. Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram walifanya jaribio magharibi mwa Kenya, katika vijiji 150, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Kuunganishiwa umeme kulipotolewa bure, karibu kila kaya ilikubali. Punguzo la zaidi ya nusu lilivuta kama robo tu. Kikwazo hakikuwa ujinga wala kupenda giza. Pesa ya kuanzia haikuwepo. Huku kwetu ada ya kuunganishiwa umeme kijijini imeshushwa hadi shilingi 27,000, na hilo ni jambo la kushukuru, ingawa kutandaza nyaya ndani ya nyumba ni gharama nyingine.

Newala umeme ni maji pia. Mchanga wa nyanda hizi haushiki mvua, hivyo maji yanasukumwa kwa pampu kutoka bonde la Mitema kupanda mlima. Umeme ukilala, ndoo zinapanga foleni. Huyo binti, alipokuwa Newala likizo ya mwisho, alijifunza kuoga kwa makopo matatu, na hadi leo anamfokea mdogo wake akiacha bomba wazi.

Mdogo mtu naye ana habari zake. Mwaka jana familia ilifunga paneli mbili za jua kwenye kibaraza cha ghorofa ya nne; sheria inaruhusu hadi wati 800. Kijana wa miaka tisa anasoma kipimo kila asubuhi kabla ya chai, anaandika kwenye daftari la hesabu, kisha anamtumia Bibi sauti kwa WhatsApp kumtajia jumla. Bibi anamjibu kwa kumtajia magunia ya korosho. Dada yake alisikiliza mazungumzo hayo wiki nzima, ndipo akarudi kwa mwalimu na swali lake: kwa nini karatasi ile haikutaja kuni? Mwalimu alimpa nafasi ya kueleza darasani. Alieleza moshi, masizi, macho ya Bibi, na mpango wa Tanzania wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya watu ifikapo 2034.

Wana Newala na Masasi mlio nje: mitungi ya ruzuku inafika vijijini, na wazazi wengi wameshaipata. Tatizo ni kuijaza miezi ya kiangazi, kabla fedha za korosho hazijalipwa. Mnapotuma pesa ya palizi, tumeni na ya gesi.