Kwa Nini Umeme Ulichelewa Kufika Tarime na Serengeti

Sirari ya Tarime na Isebania ya Kenya zimetenganishwa na mpaka tu. Watu wa pande zote mbili ni Wakurya wanaooana, wanaozikana na wanaouziana ng'ombe. Wa huku hununua uniti za LUKU kutoka TANESCO, wa kule ni wateja wa Kenya Power. Kati ya mwaka 1932 na 1964, mashirika haya mawili yalikuwa na baba mmoja. Kampuni ya Kenya ndiyo iliyoshika hisa nyingi za ile ya Tanganyika, na nyuma ya zote mbili ilikuwapo Balfour Beatty, kampuni ya Uingereza iliyofanya hesabu zake London. Undugu huo haukuwaletea taa watu wa Sirari, na sababu zake zinafaa kujadiliwa hadi leo.

Januari 1909, mhandisi George Balfour na mhasibu Andrew Beatty walianzisha kampuni ya Balfour Beatty kwa mtaji wa pauni 50,000. Walikuwa wamefahamiana wakiwa waajiriwa wa tawi la London la kampuni ya uhandisi ya Kimarekani. Kazi yao ya kwanza ilikuwa tramu za umeme za Dunfermline, Scotland. Baadaye walijenga mitambo, wakanunua makampuni madogo ya kuuza umeme, wakayatafutia mitaji na kuyasimamia. Balfour aliingia pia bungeni, akawa mbunge wa Hampstead kuanzia 1918 hadi alipofariki mwaka 1941.

Afrika Mashariki waliifikia mapema. Mwaka 1922 makampuni mawili ya umeme, moja la Mombasa na jingine la Nairobi, yaliunganishwa kuwa East African Power and Lighting, na Balfour Beatty wakawa wasimamizi wake. Tanganyika, umeme ulikuwa umeanza mwaka 1908, Wajerumani walipofunga mtambo Dar es Salaam kwa ajili ya karakana za reli na mitaa ya wazungu. Baada ya Vita vya Kwanza Waingereza waliuweka chini ya idara ya serikali, na mwaka 1931 wakaukabidhi kwa makampuni binafsi. DARESCO ilichukua Dar es Salaam na miji ya reli kama Dodoma, Tabora na Kigoma. TANESCO ilipewa upande wa Tanga, ikajenga kituo cha maporomoko ya Pangani kilichoanza kazi mwaka 1936. Wateja wake wakubwa walikuwa mashamba ya mkonge.

Ukiitazama ramani hiyo utaona bandari, reli na mkonge. Mara ya Kaskazini, iliko Tarime, haikuwa na hata kimoja. Ilikuwa nchi ya ng'ombe, ulezi na mihogo, na upande wa Serengeti ulikuwa wa mashamba madogo na mbuga. Mwekezaji aliyehesabu gharama ya kila nguzo na mapato ya kila mteja hakuwa na sababu ya kufika huko. Hakuhitaji hata kuwachukia watu wa Tarime ili kuwaacha gizani. Ilitosha kwamba hawakuwamo katika hesabu zake. Ndiyo maana siridhiki na maelezo kwamba wilaya hizi zilichelewa kwa sababu ziko mbali. Mbali na wapi? Musoma, iliyo jirani, ni bandari ya Ziwa Victoria. Umbali ulipimwa kutoka penye faida.

Waingereza wenyewe waliikataa hesabu hiyo kwao. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 1947, na tarehe 1 Aprili 1948 makampuni ya umeme ya Uingereza yakawa mali ya umma. Kundi la Balfour Beatty lilipoteza makampuni yake ya nyumbani. Huku Tanganyika biashara iliendelea kama kawaida. Raia wa Uingereza alihesabiwa kuwa na haki ya kufikiwa na umeme, na mkazi wa koloni akabaki kuwa mteja anayefaa au asiyefaa. Tofauti hiyo ilidumu miaka 16, hadi Serikali ya nchi huru iliponunua hisa mwaka 1964. Kufikia 1975 TANESCO yote ilikuwa mali ya Watanzania.

Hata hivyo, kubadilisha mwenye mali hakukutosha. Fedha za serikali changa ziliingia kwanza kwenye uzalishaji: Hale megawati 21, Nyumba ya Mungu megawati 8, kisha Kidatu megawati 204. Gridi ilifika Mwanza, ikaendelea kwa njia ya kilovolti 132 hadi Musoma, na kutoka huko nyaya za kilovolti 33 zikaingia wilayani. Vijiji viliendelea kusubiri. Mwaka 2002 usimamizi wa TANESCO ulikabidhiwa NETGroup ya Afrika Kusini, mkataba uliokwisha mwaka 2006. Juhudi kubwa ilikuwa kukusanya madeni, na shirika linalopimwa kwa makusanyo halikimbilii kijiji chenye wateja arobaini wa taa mbili mbili.

Kilichovunja mzunguko huo ni Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, iliyozaa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na mfuko wake. Tazama risiti ya LUKU: kuna asilimia tatu ya REA. Mwenye duka Kariakoo anapolipia uniti zake, anachangia nguzo inayosimikwa kijijini Serengeti. Kaya ya kijijini imeunganishwa kwa shilingi 27,000, fedha ambayo hailingani hata kidogo na gharama ya kazi yenyewe. Kwa njia hii vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimepangiwa na kufikiwa, na sasa kazi imehamia kwenye vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Hakuna mwekezaji wa mwaka 1931 ambaye angeikubali hesabu hiyo. Ni hesabu ya taifa, na naitetea bila kusita.

Lakini waya wenyewe unatoka wapi? Hapa historia ya kampuni ile ya London inaingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1969 Balfour Beatty ilinunuliwa na BICC, kampuni kubwa ya Kiingereza ya kutengeneza nyaya za umeme. BICC ilizaliwa mwaka 1945 kwa muungano wa Callender's, iliyokuwa na kiwanda Erith kando ya mto Thames, na British Insulated Cables ya Prescot, karibu na Liverpool. Viwanda hivyo vilikua kwa sababu dola ya Uingereza iliamua, kwa sheria ya mwaka 1926, kujenga gridi ya taifa. Oda zilikuwa za uhakika, mafundi wakafunzwa, mji mzima wa Prescot ukaishi kwa waya.

Miaka ya 1990 mambo yaligeuka. Viwanda vya nyaya duniani vilizidi mahitaji na bei zikaporomoka. Mwaka 1999 BICC iliuza biashara yake ya nyaya za umeme kwa General Cable ya Marekani, ambayo nayo ilinunuliwa na Prysmian ya Italia mwaka 2018. Kilichobaki kilikuwa ukandarasi, na mwaka 2000 kampuni ilijiita tena Balfour Beatty. Mwenye kiwanda alikuwa amemnunua mkandarasi. Miaka 31 baadaye kiwanda hakipo na jina la mkandarasi ndilo lililobaki mlangoni. Prescot iliachwa na mafundi wasio na kazi ya kufanya.

Tanzania iko sasa pale Uingereza ilipokuwa miaka ya 1930: serikali ndiyo mnunuzi mkubwa, na oda zake zinaweza kujenga viwanda. Mwishoni mwa miaka ya 2010 wakandarasi wa REA waliagizwa kununua vifaa nchini. Nguzo za mikaratusi zinatoka Iringa na Njombe. TANELEC ya Arusha inatengeneza transfoma. Elsewedy ya Misri, mmoja wa wakandarasi wa bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, imejenga kiwanda cha nyaya na vifaa vya umeme Kigamboni. Yenyewe pia ilianzia kwenye vifaa vya umeme ikaingia kwenye ukandarasi, kwa hiyo kisa cha BICC kinaihusu moja kwa moja.

Hatari iko mbele. Siku kitongoji cha mwisho kitakapowashwa, oda za REA zitapungua. Viwanda vilivyozoea mnunuzi mmoja vitakosa pa kuuza, isipokuwa kama umeme uliopelekwa vijijini umezaa matumizi ya kweli. Nyumba yenye taa mbili na chaji ya simu hainunui waya mwingine wala haihitaji transfoma kubwa zaidi. Mashine ya kusaga, tanki la kupozea maziwa, karakana ya kuchomelea, pampu ya umwagiliaji na kiwanda cha kukoboa kahawa ya Tarime ndivyo vinavyohitaji.

Kwa hiyo halmashauri za Tarime na Serengeti zisihesabu mafanikio kwa idadi ya vitongoji vilivyowashwa peke yake. Zihesabu pia mashine za dizeli zilizohamia kwenye umeme, lita za maziwa zinazopozwa kabla ya kuuzwa, na vijana waliosomea ufundi wa kutengeneza mota na transfoma karibu na kwao, ili kifaa kikiungua kisisubiri wiki kadhaa mtu wa kutoka mbali. Sehemu ya tozo inayotokana na dhahabu ya Nyamongo, wilayani Tarime, inaweza kuanzisha kazi hiyo. Mwaka 1931 wengine ndio walioamua nani anafaa kuwashiwa taa. Safari hii uamuzi wa umeme utafanya kazi gani uko mikononi mwa madiwani na wananchi wa wilaya hizi, na hawana wa kumlaumu London wakiuacha upite.