Je, kompyuta inaweza kumfunza daktari maadili?

Mama mwenye umri wa miaka 70 amelazwa katika hospitali moja mjini Muscat. Vipimo vimebainisha kuwa ana saratani ambayo tayari imeenea mwilini. Kabla daktari hajaingia chumbani, mwanawe wa kiume anamzuia mlangoni: "Daktari, tunakuomba, mama asiambiwe. Akijua, atakata tamaa."

Daktari huyo afanye nini?

Mgonjwa huyu hayupo. Ni mfano wa visa vinavyoweza kuingizwa katika programu za kompyuta zinazotumiwa kuwafunza wanafunzi wa vyuo vikuu namna ya kufikia uamuzi wa kimaadili. Mwanafunzi husoma au hutazama kisa, huwekewa njia kadhaa mbele yake, kisha huchagua mojawapo.

Akichagua kunyamaza, huenda hatua inayofuata ikamwonyesha mgonjwa akiuliza kwa nini anapewa dawa kali kiasi hicho. Akichagua kusema, huenda akakabiliwa na familia yenye hasira. Programu iliyotungwa vyema haitangazi mshindi, bali humtaka mwanafunzi aeleze sababu zake, kisha humletea hoja inayopingana nazo.

Mgonjwa aliyetaka kufa

Mojawapo ya programu za mwanzo zilizopata umaarufu ilitolewa nchini Marekani mwaka 1996 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Ilihusu kisa cha kweli cha Dax Cowart, kijana wa Texas aliyeungua vibaya katika mlipuko wa gesi mwaka 1973. Baba yake alifariki katika ajali hiyo.

Cowart alipoteza uwezo wa kuona na aliomba mara nyingi matibabu yasitishwe ili afe. Madaktari waliendelea kumtibu. Baadaye alisomea sheria akawa wakili, lakini hadi alipofariki mwaka 2019 alishikilia kwamba uamuzi ule ulikuwa wake, si wa mtu mwingine.

Katika programu hiyo mwanafunzi humsikiliza Cowart mwenyewe, mama yake, daktari na wengine waliohusika. Kila anapotoa msimamo, huletewa ushahidi unaoutikisa. Kwa njia hiyo hujifunza jambo ambalo ni vigumu kulipata katika mhadhara: kwamba watu wema, wenye nia njema, wanaweza kutazama kitanda kimoja na kuona wajibu tofauti.

Lugha tatu katika chumba kimoja

Hata hivyo, kisa cha Texas hakiwezi kuhamishiwa Muscat kama kilivyo.

Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1986, hufundisha udaktari kwa Kiingereza. Wagonjwa wengi huzungumza Kiarabu. Lakini mjini Muscat kuna pia familia nyingi za Waomani zilizotoka Zanzibar na maeneo mengine ya Afrika Mashariki, hasa baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 na baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warejee nyumbani. Miongoni mwa wazee wa familia hizo wamo ambao bado Kiswahili huwatoka kwa urahisi zaidi kuliko Kiarabu.

Sasa turejee kwa yule mama. Tuseme anaelewa Kiswahili vizuri zaidi, na daktari hakijui. Ni nani atakayefasiri? Mara nyingi ni mtoto wake, yule yule aliyeomba mama asiambiwe. Daktari anaweza kuchagua kusema ukweli wote, na bado mgonjwa asiusikie.

Katika programu iliyotungwa kwa ajili ya nchi ambako daktari na mgonjwa huzungumza lugha moja, njia hiyo huenda haimo kabisa. Mwanafunzi atachagua "mweleze mgonjwa", atasonga mbele, na hatajua kwamba alipaswa kwanza kumtafuta mkalimani asiye jamaa wa mgonjwa.

Ipo pia nafasi ya familia. Mafunzo mengi ya maadili ya tiba hutumia kanuni nne zilizoelezwa na Wamarekani Tom Beauchamp na James Childress mwaka 1979: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru na kutenda haki. Kwa familia nyingi za Ghuba na za pwani ya Afrika Mashariki, ugonjwa wa mzazi ni jambo la nyumba nzima. Mtoto anayeomba siri itunzwe huiona kuwa ni huruma. Lakini Waswahili hao hao husema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

Azimio la UNESCO la mwaka 2005 kuhusu maadili ya tiba na haki za binadamu linataka tofauti za utamaduni ziheshimiwe, ila zisiwe kisingizio cha kuvunja utu na haki za mtu. Mstari kati ya mambo hayo mawili ndio hasa mwanafunzi anaopaswa kujizoeza kuutafuta.

Maadili ya nani?

Kwamba majibu hutofautiana kati ya jamii na jamii kulionekana wazi katika mradi wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, MIT, ulioanza mwaka 2016. Watu waliulizwa kupitia intaneti gari linalojiendesha limwokoe nani iwapo ajali haiepukiki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalitokana na maamuzi yapatayo milioni 40. Mwelekeo wa kuwaokoa vijana kabla ya wazee, kwa mfano, ulikuwa hafifu zaidi katika kundi la nchi za Asia na za Kiislamu kuliko kwingineko.

Matokeo hayo hayaonyeshi nani yuko sahihi. Yanaonyesha kwamba anayeandika maswali na kupanga majibu huweka ndani yake dunia anayoijua.

Kwa hiyo programu ina manufaa yake: mwanafunzi anaweza kukosea bila kumuumiza mtu, akarudi nyuma na kujaribu tena. Hata mwanafunzi mwenye haya, asiyethubutu kumpinga mwalimu mbele ya wenzake, hulazimika kutoa uamuzi. Ila kompyuta haiwezi kusikia sauti ya mtoto inapotetemeka mlangoni. Hapo ndipo mwalimu na mjadala wa darasani huhitajika baada ya kompyuta kuzimwa.

Na huenda mtunzi bora wa kisa cha yule mama akawa mwanafunzi wa Muscat mwenyewe: aliyesoma udaktari kwa Kiingereza, anayemjibu mwalimu wake kwa Kiarabu, na ambaye jioni akirudi nyumbani humwamkia bibi yake kwa Kiswahili.